Tindiga, Bonde na Ardhioevu: Majina ya Mahali Panaposafisha Maji ya Mito

Tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria Na. 1 ya mwaka huo na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, jukumu la mfasiri limezidi uzito. Zamani neno lililofasiriwa vibaya katika kijitabu cha maelezo liliweza kusahihishwa kwa kuirejea matini ya asili. Sasa neno la Kiswahili ndilo litakalosomwa na mwanakijiji, ndilo litakalonukuliwa na afisa mtendaji wa kata, na ndilo hatimaye litakalopimwa na hakimu. Kwa sababu hiyo yafaa istilahi zetu zichunguzwe si kwa sura zake tu, bali pia kwa vitu zinavyovitaja na kazi za vitu hivyo.

Katika makala haya tutachunguza istilahi moja ya fani ya maji na mazingira, nayo ni ardhioevu, hasa ardhioevu iliyo kandokando ya mito. Mifano yetu tutaitoa katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Hoja tunayotaka kuieleza ni hii: mahali hapo hufanya kazi kubwa ya kulinda ubora wa maji, lakini hapawezi kulindwa ikiwa jina lililomo katika sheria halifanani na jina lililomo kinywani mwa mtu anayepalima.

1. Mito ya Kibaha na Kisarawe

Mto Ruvu, ambao katika vitabu vya zamani sehemu yake ya chini huitwa Kingani, huanzia katika milima ya Uluguru. Baada ya kupokea maji ya mito mingine, ukiwamo Ngerengere unaopita Morogoro mjini, Ruvu huingia katika nchi tambarare ya Pwani, hupita Kibaha karibu na Mlandizi, kisha humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Katika nchi hii tambarare mto hauna haraka. Wakati wa masika hutoka katika mkondo wake na kutandaa bondeni. Wakati wa kiangazi hurudi ndani ya mkondo na kuacha nyuma yake matope, vidimbwi, matete na nyasi mbichi.

Maji ya mto huu ndiyo yanayonywewa na sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam na ya miji ya Pwani iliyo njiani. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini, ulioko upande wa Bagamoyo, ulifuata katika miaka ya 1970. Baada ya upanuzi uliofanywa katika miaka ya 2010, mtambo wa kwanza ulifikia uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na wa pili lita milioni 270. Wingi huo wa maji hutegemea mto mmoja. Mwezi Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka kwa sababu ya ukame, jiji la Dar es Salaam lililazimika kupewa maji kwa mgawo.

Kisarawe ina hali nyingine. Huko hatuna mto mkubwa, bali tuna vilima ambamo mito midogo huzaliwa. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, na Mto Kizinga nao hupata maji yake katika vilima hivyohivyo vya Kisarawe. Kizinga ndio uliolisha mtambo wa maji wa Mtoni, mmoja wa mitambo ya zamani ya Dar es Salaam. Lakini Kisarawe yenyewe, iliyo chemchemi ya mito ya wengine, ilikaa miaka mingi na shida ya maji, hata ulipozinduliwa mwaka 2020 mradi wa kuyapandisha maji ya Ruvu Juu kutoka Kibamba hadi Kisarawe mjini. Basi mtu wa Kisarawe hunywa maji yaliyopita Kibaha, na mtu wa bondeni Dar es Salaam hupokea maji yaliyoanzia Kisarawe. Hakuna katika hao anayeweza kusema kwamba kinachotendeka kandokando ya mto wa mwenzake hakimhusu.

2. Kazi ifanywayo na ardhioevu ya kando ya mto

Mara nyingi husemwa kwamba ardhioevu ni chujio la maji. Usemi huu una faida kwa sababu kila mtu analijua chujio la nazi au la chai. Hata hivyo, mwalimu akiishia hapo atakuwa amefundisha robo tu ya jambo lenyewe, kwa kuwa chujio hufanya kazi moja, ya kuzuia makapi, nayo ardhioevu hufanya kazi kadhaa zinazotofautiana. Kila moja ina kitenzi chake katika Kiswahili, na yafaa vitenzi hivyo visichanganywe.

Kazi ya kwanza ni kutuliza. Maji yanayoteremka kutoka shambani baada ya mvua huja kwa kasi, yamebeba udongo. Yanapoingia katika matete na nyasi ndefu hupunguzwa mwendo, na maji yaliyopungua mwendo hayana nguvu ya kubeba mzigo. Chembe nzito hushuka kwanza, kisha nyepesi. Ndivyo yalivyo maji ya mtungini: mama akiyateka yakiwa na tope huyaacha usiku kucha, na asubuhi huchota ya juu yaliyo safi. Kinachobaki chini ndicho tunachokiita mashapo. Penye matindiga mapana kando ya mto, mashapo mengi hubaki ardhini. Yakiisha matindiga, mashapo yote huingia mtoni, na mtambo wa maji hulazimika kutumia shabu nyingi zaidi ili kuligandisha tope na kulitenga na maji.

Kazi ya pili ni kunasa. Fosforasi, ambayo hutoka katika mbolea, samadi na sabuni, ina tabia ya kushikamana na chembe za udongo, hasa wa mfinyanzi na wenye chuma. Udongo unaponaswa bondeni, fosforasi hunaswa pamoja nao. Vivyo hivyo kwa baadhi ya madini mazito na dawa za kuulia wadudu.

Kazi ya tatu ni kufyonza. Matete, mafunjo, ndago na mimea mingine ya majini huvuta kwa mizizi yake naitrojeni na fosforasi, na kuvifanya miili yake. Virutubisho hivyo vikifika mtoni au bwawani kwa wingi hulisha mwani, nao mwani ukifa huozea majini na kuyamaliza hewa yanayohitaji samaki. Vikibaki bondeni huwa majani. Lakini ikumbukwe kwamba mmea ukifa na kuoza palepale hurudisha sehemu ya vile ulivyovichukua. Kwa hiyo kukata matete kwa kuezekea na mafunjo kwa kusukia mikeka, kukifanywa kwa kiasi, si adui wa kazi hii, bali huenda kukaisaidia.

Kazi ya nne haina kitenzi kimoja kilichozoeleka, na kwa hiyo huachwa mara nyingi katika vitabu vyetu. Katika tope lililojaa maji hewa haipenyi. Humo huishi bakteria ambao, kwa kukosa hewa ya oksijeni, huitwaa oksijeni iliyofungwa ndani ya naitreti, na naitrojeni inayobaki huipeperusha ikarudi angani kama gesi. Gesi hiyo haina madhara kwa mnywaji. Takriban sehemu nne katika tano za hewa tunayoivuta ni naitrojeni. Hii ndiyo njia kuu ya kuiondoa naitreti kabisa, wala si kuiweka akiba, nayo hutaka mambo matatu yawepo pamoja: tope lisilo na hewa, mabaki ya mimea ambayo ni chakula cha bakteria, na maji yanayopita polepole. Mahali hapo pakikaushwa kwa mifereji, hewa huingia na kazi hiyo husimama. Tunapendekeza iitwe kwa maneno wazi, urudishaji wa naitrojeni hewani, mpaka litakapopatikana neno fupi litakalokubalika.

Ukubwa wa kazi hii uliwahi kupimwa. Mwaka 1984 wanasayansi William Peterjohn na David Correll walichapisha matokeo ya utafiti wao katika jimbo la Maryland, Marekani, kuhusu ukanda wa miti ulio kati ya shamba la mahindi na kijito. Waliona kwamba ukanda ule ulizuia takriban sehemu tisa katika kumi za naitrojeni iliyoingia kutoka shambani, na takriban sehemu nane katika kumi za fosforasi. Maryland si Kibaha, na mvua zao si masika yetu. Lakini bakteria wa topeni hufuata kanuni zilezile.

Kazi ya tano ni kuchelewesha. Vijidudu vya maradhi ya tumbo vilivyomo katika kinyesi huishi muda mfupi vikiwa nje ya mwili. Maji yakikawia katika matete, baadhi ya vijidudu hivyo hufa kwa jua, vingine hushuka na mashapo, vingine huliwa na viumbe wadogo. Kucheleweshwa huko kuna faida nyingine: maji yaliyolowa bondeni wakati wa masika hutoka kidogokidogo na kuusaidia mto wakati wa kiangazi.

3. Mipaka ya kazi hiyo

Mwandishi wa maelezo kwa umma asiahidi kupita kiasi. Ardhioevu hupunguza uchafu, lakini haiyafanyi maji kuwa ya kunywa. Maji ya kijito kilichopita katika matindiga mazuri bado yapasa kuchemshwa au kutiwa dawa. Aidha, ardhioevu ina kiasi chake. Ikitwishwa mzigo kuliko uwezo wake huelemewa kama mtu.

Mfano unaojulikana katika Afrika Mashariki ni ule wa Nakivubo, mjini Kampala. Kwa miaka mingi maji yaliyotoka katika mtambo wa majitaka wa Bugolobi, pamoja na maji ya mifereji ya mji, yalipita katika matindiga ya mafunjo ya Nakivubo kabla ya kuingia katika ghuba ya Ziwa Viktoria, na si mbali na hapo ndipo mji ulipochotea maji yake ya kunywa. Wachumi waliochunguza jambo hilo katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba kuifanya kazi ile kwa mitambo kungeugharimu mji fedha nyingi kila mwaka. Lakini matindiga yale yalizidi kukatwa mifereji, kulimwa magimbi na kujengwa. Maji machafu yakapata njia fupi ya kufika ziwani bila kutandaa, na faida ikapungua.

Msimbazi nao una funzo lake. Mto huo hutoka Kisarawe ukiwa kijito, kisha hupita katikati ya makazi, viwanda na machinjio. Madini mazito yakinaswa na tope hayapotei. Hukaa humo, na mboga zilizopandwa humo huweza kuyavuta. Kwa hiyo kitenzi kunasa kina pande mbili: kinachonaswa huyaepuka maji, lakini hubaki mahali. Afisa kilimo anayesema kwamba bonde husafisha maji hana budi kuongeza kwamba uchafu wa kiwanda wapaswa kuzuiwa kiwandani, usiachiwe bonde.

4. Majina yaliyohama na majina yaliyodharauliwa

Baada ya kuijua kazi, turudi kwenye majina. Lugha yetu haikuwa maskini wa maneno ya mahali pa majimaji. Tatizo ni kwamba baadhi yake yamehama, na mengine yametiwa sifa mbaya.

Neno bwawa kwa matumizi ya asili hutaja mahali palipotuama maji, penye kina kidogo na majani. Siku hizi, mtu akitaja Bwawa la Mtera au Bwawa la Mindu, anataja maji yaliyozuiwa kwa ukuta uliojengwa na wahandisi. Maana hii mpya imeenea mno hata ile ya kwanza imekuwa ya kubahatisha: mfasiri akiandika hifadhini mabwawa, msomaji ataufikiria ukuta, asiyafikirie matete.

Neno mbuga lilipata safari ya ajabu zaidi. Mbuga ilikuwa nchi tambarare ya nyasi, mara nyingi yenye udongo mweusi unaojaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alilichukua neno hilo katika maandishi yake kuhusu mpangilio wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni, na likaingia katika maandiko ya wataalamu wa udongo wa mataifa mengine. Basi wageni walilihifadhi, na sisi wenyewe tukalihamisha: mtoto wa shule akiulizwa leo mbuga ni nini, atajibu kwamba ni mahali wanapokaa simba na tembo.

Yapo pia maneno yaliyobaki mahali pake lakini yakapoteza heshima. Dimbwi, tope, kinamasi na maji yaliyotuama ni maneno ya vita katika elimu ya afya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wengi kwa redio na vikundi vya kujisomea, ilikuwa na somo la malaria, na tangu hapo na hata kabla yake wananchi wamehimizwa kuyafukia madimbwi yaliyo karibu na nyumba. Himizo hilo lilikuwa la haki, na bado ni la haki, kwa maana mbu wa malaria huzaliana katika maji. Lakini mtu aliyefundishwa miaka hamsini kwamba maji yaliyotuama ni adui hawezi kwa siku moja kuelewa kwamba bonde lililotuamisha maji ni rafiki wa mto. Yapasa lugha ya afya na lugha ya mazingira zipatanishwe: dimbwi la uani hufukiwa, tindiga la kando ya mto huachwa, na watu walio jirani nalo hulala ndani ya vyandarua.

Neno tindiga lenyewe halijahama. Bado lataja ardhi iliyolowa maji, yenye mimea ya majini, na lipo hata katika majina ya mahali, kama kata ya Tindiga wilayani Kilosa. Hata hivyo si watu wote wa Pwani wanaolitumia. Neno linalosikika zaidi katika habari za kilimo ni bonde, na hasa bondeni: bondeni ndiko unakolimwa mpunga, ndiko inakopandwa mboga wakati wa kiangazi, ndiko yanakochotwa maji visima vikikauka. Kwa mkulima, bonde ni jina la riziki. Halina ndani yake maana yoyote ya mahali palipokatazwa.

5. Neno ardhioevu: nguvu yake na udhaifu wake

Ardhioevu ni neno lililoundwa kwa njia halali ya lugha yetu, kwa kuliunganisha jina ardhi na kivumishi -oevu, yaani iliyolowa maji. Halikukopwa, hutamkika kwa urahisi, na maana yake yaweza kukisiwa na msomaji anayelikuta kwa mara ya kwanza. Hizo ndizo sifa za istilahi njema. Kuenea kwake kumesaidiwa na Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Maeneo manne ya Tanzania yameandikishwa chini ya mkataba huo: Malagarasi na Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa.

Hata hivyo yapo mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, tahajia. Neno hili huandikwa ardhioevu, ardhi oevu, na pengine maeneo oevu. Tunapendekeza ardhioevu, neno moja, litumike kama jina la aina ya mahali, na upatanisho wake ufuate ngeli ya ardhi: ardhioevu hii inalindwa, ardhioevu hizi zinalindwa. Maneno maeneo oevu yaachwe katika matumizi ya kawaida, yasitumike kama istilahi ya pili katika waraka uleule, kwa kuwa msomaji wa sheria huamini kwamba maneno mawili yametajwa kwa sababu ya vitu viwili.

Pili, upana. Kwa mujibu wa Mkataba wa Ramsar, ardhioevu ni pamoja na mito, maziwa, mabwawa ya kuchimbwa na hata maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa maji kupwa. Fasili hii ni pana kuliko neno lenyewe, kwa sababu hutia ndani maji matupu ambayo si ardhi. Kwa hiyo mfasiri anayetaka kutaja sehemu ile ya matete na matope iliyo baina ya shamba na mkondo wa mto asiseme ardhioevu peke yake. Aseme ardhioevu ya kando ya mto.

Tatu, na hili ndilo kubwa, neno hili bado ni la ofisini. Mkulima anajua bonde. Tangazo likibandikwa kusema kwamba ni marufuku kulima katika ardhioevu, yeye husoma, hukubali, na kesho yake hushuka bondeni na jembe begani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ardhioevu ndiko huko bondeni. Afisa akija humwita mvamizi. Neno mvamizi ni zito. Humtaja mtu aliyeingia kwa nguvu mahali pasipo pake. Mtu ambaye baba yake alilima mahali hapo palipoitwa bonde hawezi kugeuzwa mvamizi kwa kubadilishiwa jina la mahali pasipo maelezo. Na kwa upande wa pili, afisa yule naye anatetea maji ya mamilioni ya watu, wala hakosei katika shabaha yake. Kinachowagombanisha hapa kwa sehemu ni njaa na upungufu wa ardhi, lakini kwa sehemu ni istilahi, na sehemu hii ya pili iko ndani ya uwezo wetu.

6. Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imeweka ukanda wa mita 60 kando ya mito, maziwa, mabwawa na bahari. Kifungu hicho hukataza ndani ya ukanda huo shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake huweza kudhuru hifadhi ya kingo hizo. Hapa pana mitego miwili kwa mfasiri.

Mtego wa kwanza ni kufupisha. Mabango husema kwa desturi kwamba ni marufuku kufanya shughuli zozote ndani ya mita 60. Maneno shughuli zozote ni mapana kuliko sheria. Kujenga nyumba ni shughuli ya kudumu; kukatua udongo hadi ukingoni hudhuru ukingo; lakini kuchota maji kwa ndoo au kukata matete kwa kuezekea si mambo ya kuhesabiwa sawa na hayo. Bango likikataza kila kitu, watu hulazimika kulivunja kila siku, na sheria inayovunjwa kila siku hudharauliwa hata pale inapokuwa na haki.

Mtego wa pili ni kipimo. Mita 60 huanzia wapi? Wengine husema kutoka mtoni, wengine kutoka kwenye maji, wengine kutoka ukingoni. Kwa mto wenye gema refu maneno hayo hayatofautiani sana. Lakini kwa mto kama Ruvu katika nchi tambarare, maji ya mwezi wa Oktoba yako mahali pengine kabisa na maji ya mwezi wa Aprili. Ukipima kutoka kwenye maji wakati wa kiangazi, mita zako 60 huweza kuishia katikati ya bonde, na sehemu kubwa ya matindiga yanayofanya zile kazi tano ikabaki nje. Kwa hiyo neno sahihi ni ukingo wa mto, nalo lapasa kufasiliwa: ni mahali mkondo wa mto unapokomea ukiwa umejaa kabla ya kufurika, si mahali maji yalipo siku ya kupima. Na pale tindiga linapozidi mita 60, ulinzi wake utafutwe katika vifungu vinavyohusu ardhioevu zenyewe na katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, ambayo chini yake hufanya kazi bodi za maji za mabonde, ikiwamo ya Wami/Ruvu.

Msomaji ataona hapa kwamba neno bonde limetumika kwa maana ya tatu. Bonde la Wami/Ruvu ni nchi yote ambayo mvua yake huishia katika mito hiyo, pamoja na vilele vya Uluguru. Mkulima akisikia Bodi ya Maji ya Bonde hudhani ni bodi ya pale chini anapolima mpunga. Katika maandishi ya kufundishia yafaa kusema bonde la mto kwa maana hiyo pana, na bonde la mafuriko kwa ile nchi tambarare ambayo mto huitandia wakati wa masika.

7. Mapendekezo

Tunapendekeza maneno yafuatayo, pamoja na fasili zake, kwa watakaofasiri, watakaofundisha na watakaoandika matangazo:

Ardhioevu: mahali palipolowa au kufunikwa na maji ya kina kidogo, daima au kwa majira, pakaota mimea inayostahimili maji. Katika matini za Mkataba wa Ramsar maana yake ni pana zaidi, na itajwe hivyo.

Ardhioevu ya kando ya mto: ardhioevu iliyo baina ya ukingo wa mto au kijito na nchi kavu.

Tindiga: ardhioevu yenye tope na mimea mirefu kama matete na mafunjo.

Bonde la mafuriko: nchi tambarare kando ya mto ambayo hufunikwa na maji mto unapofurika.

Bonde la mto: nchi yote ambayo maji yake ya mvua hutiririkia katika mto mmoja.

Bwawa: maji yaliyozuiwa kwa ukuta au tuta. Maana ya zamani isitumike katika sheria.

Mashapo: udongo na chembe nyingine zinazotuama chini ya maji.

Ukingo wa mto: mahali unapokomea mkondo wa mto uliojaa kabla ya kufurika.

Ukanda wa hifadhi ya mto: sehemu ya ardhi inayopimwa kutoka ukingo wa mto ambayo sheria inazuia ndani yake shughuli zenye madhara.

Urudishaji wa naitrojeni hewani: kazi ya bakteria wa topeni ya kuigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni.

Zaidi ya orodha hii tunapendekeza desturi moja. Kila tangazo linalohusu ardhioevu litaje kwanza istilahi, kisha jina la mahali kwa jinsi wenyeji wanavyopaita, kisha alama inayoonekana kwa macho. Kwa mfano: Ardhioevu ya kando ya Mto Ruvu, yaani bondeni kuanzia matete yanapoanza hadi ukingo wa mto. Tangazo la namna hiyo ni refu kidogo kuliko bango la kawaida, lakini hakuna atakayelisoma akasema kwamba hakujua ni wapi. Mwalimu naye awatume wanafunzi wake wawaulize wazee majina ya kila sehemu kutoka shambani hadi mtoni, kwa Kiswahili, Kizaramo au Kikwere, na majina hayo yaandikwe na kulinganishwa na istilahi. Pengine humo yatapatikana maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza, nayo yatastahili kupokewa.

Istilahi haiyasafishi maji. Hufanya hivyo tope, mizizi na bakteria, bila kujali tunaviitaje. Lakini uamuzi wa kuliacha tindiga au kulikatia mfereji hufanywa na watu, nao huamua kwa maneno wanayoyaelewa. Ikiwa hakimu, afisa na mkulima wa Mlandizi watalitumia neno moja na kuuona ukingo uleule, hapo ndipo sheria itakapokuwa imefasiriwa.